Je, Twatahini Sayansi au Twatahini Kiingereza?

Kwa miaka mingi, kila matokeo ya mtihani wa darasa la nane yalipotangazwa, wananchi walisikia maneno yale yale. Shule za umma za mashambani zilishika mkia, shule za mijini, hasa zile za watu binafsi, zikaongoza, kisha lawama zikaanza kugawanywa. Walimu ni wavivu. Wazazi hawajali. Wasichana wanaozwa mapema, nao wavulana wameghilibiwa na biashara ya bodaboda. Mtihani wenyewe wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtaala wa umilisi ukashika usukani, na leo tuna KPSEA mwishoni mwa Gredi ya sita na KJSEA mwishoni mwa Gredi ya tisa. Majina yamebadilika lakini lawama hazikubadilika, na jambo ambalo lilitajwa kwa nadra wakati ule latajwa kwa nadra hata sasa. Nalo ni lugha ambayo mtoto wa mashambani hufundishiwa na kutahiniwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimeshika chaki kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumikia katika shule za umma za Kilifi bara, mbali na lami na mbali zaidi na ufuo ambao watalii huujua. Asije msomaji akadhani kwamba nakipiga vita Kiingereza. Kiingereza ni lugha yenye manufaa makubwa, na mtoto wa Ganze ana haki ya kukijua sawasawa na mtoto wa Lavington. Ninachodai ni kwamba njia tunayoitumia haimpi mtoto huyo Kiingereza, na papo hapo inamnyima Sayansi, Hesabu na masomo mengine yote. Akimaliza shule ya msingi amekosa mwana na maji ya moto.

Nitatoa mfano mmoja. Siku moja nilikuwa nikifundisha gredi za juu habari za viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho na jinsi vinavyobadilisha vyakula na vinywaji. Nilifundisha kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa. Nilipouliza swali darasa zima lilinyamaza, macho yote yakashuka kwenye madawati. Nikalirudia swali lile lile kwa Kiswahili. Mvulana mmoja, ambaye tangu muhula uanze hakuwa amefungua kinywa, alisimama. Baba yake ni mgema. Alitueleza kwamba tembo la mnazi likigemwa alfajiri huwa tamu, likikaa hadi adhuhuri huwa kali, na likilazwa siku kadhaa hugeuka siki. Akaongeza kwamba kibuyu ambacho hakikuoshwa vyema huliharakisha tembo kuchacha, na kwamba likichemshwa mapema halichachi. Wenzake wakaanza kuchangia, huyu akasema habari za maziwa, yule habari za uji. Aliyoyasema mvulana yule kuhusu kibuyu na kuhusu kuchemsha ndiyo hasa yaliyokuwa kitabuni, ila yeye hakuyapata kitabuni; somo lilikuwa limelala nyumbani kwao siku zote.

Mwisho wa muhula swali juu ya jambo hilo hilo lilikuja katika karatasi ya mtihani, kwa Kiingereza. Mvulana yule alilikosa.

Tujiulize, basi, mtahini alipima nini? Kwenye cheti pataandikwa kwamba mtoto huyu hajui Sayansi, naye ataamini, na baba yake ataamini, na baada ya miaka michache ataukwea mnazi akijihesabu kuwa mtu ambaye shule ilimshinda. Mimi niliyekuwapo naujua ukweli. Kilichomshinda ni sentensi moja ya lugha asiyoisikia nyumbani, sokoni, kisimani wala msikitini au kanisani; lugha ambayo huisikia kinywani mwa mwalimu peke yake, na mara nyingi mwalimu mwenyewe huizungumza kwa kujikaza.

Lakini msiba hauanzii kwenye gredi za juu. Turudi nyuma hadi Gredi ya kwanza, mtoto anapofundishwa kusoma. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akishajua kuunganisha b na a akapata ba, basi amefunguliwa njia ya kusoma baba, bata na bao. Kwa Kigiriama na Kichonyi mambo ni karibu hayo hayo, maana lugha hizi ni ndugu. Sasa tazama kinachotokea. Saa mbili u nusu mwalimu ameandika e ubaoni na darasa limeitikia kwamba hiyo ni e. Saa tatu na dakika chache, mwalimu yule yule, kwenye ubao ule ule, anaonyesha herufi ile ile na kusema kwamba inaitwa kwa sauti ambayo dakika chache zilizopita ilikuwa ya i. Nayo i, kwa Kiingereza, inaitwa ai. Nayo a inaitwa ei. Na hayo ni majina tu, hatujafika kwenye maneno ambamo herufi moja ya Kiingereza husomwa hivi hapa na vile kule, au huandikwa na isisomwe kabisa.

Mtoto wa mjini ambaye aliingia shuleni akiwa tayari anazungumza Kiingereza, na ambaye nyumbani mwao mna vitabu na runinga, hulivuka tope hili. Wa kwetu huzama humo kwa miaka miwili au mitatu. Tangu mwaka 2010 ripoti za Uwezo zimekuwa zikituonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi waliofika darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Sisi walimu hatukuhitaji kuambiwa, kwani ndio tunaowapokea.

Nina mfano mwingine, na huu hunichekesha kila mwaka ingawa si wa kuchekesha. Ni saa. Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na mtoto wa kijijini anajua kwamba kengele ya asubuhi hulia saa mbili kasorobo. Anapokuja katika kipindi cha Hesabu, anaonyeshwa mshale mfupi ulio kati ya saba na nane, na anatakiwa aseme kwa Kiingereza kwamba ni saba na dakika arobaini na tano. Katika kipindi cha Kiswahili, saa ile ile ya ukutani inasomwa kwa namna ile ya nyumbani. Mtoto anadhani mmoja kati ya walimu wake anakosea, na kama mwalimu ni mmoja, anadhani kwamba shuleni mambo hayana maana, ni ya kukaririwa tu. Jambo hili hulielezwa kwa dakika kumi likaeleweka: kwamba wao huanza kuhesabu usiku wa manane na tena adhuhuri, sisi huanza mawio na machweo, na tofauti ni saa sita. Lingekuwa hata somo tamu la jiografia, kwani hesabu yetu inafaa mahali ambapo jua huchomoza karibu wakati mmoja mwaka mzima. Lakini mwalimu anayetakiwa kufundisha Hesabu kwa Kiingereza kitupu hana pa kulieleza. Kiingereza hakina habari ya saa yetu.

Vivyo hivyo hesabu za kutoa. Kutoa tano katika kumi na mbili ni jambo ambalo mtoto aliyetumwa dukani hulifanya bila kalamu. Kwa Kiingereza hesabu hiyo yaweza kuulizwa kwa njia nne au tano, na katika baadhi ya njia hizo namba ndogo ndiyo hutangulia kutajwa. Mtoto asiyeimudu lugha huziandika namba kwa utaratibu alioziona, akaweka tano mbele na kumi na mbili nyuma, kisha akakwama. Nimesahihisha madaftari mengi ya namna hii. Kosa lina alama nyekundu ya Hesabu, ilhali ni kosa la sarufi ya Kiingereza.

Walimu wenzangu wanayajua haya, na ndiyo maana takriban kila mmoja wetu ana lugha mbili za kazi. Mlango ukiwa umefungwa tunasema sentensi moja ya Kiingereza kisha tunaifasiri, tunauliza kwa Kiswahili, tunatania kwa Kigiriama, na watoto wanaelewa. Mkaguzi akionekana akishuka garini, lugha ya pili inafichwa kama bangi. Darasa linageuka kuwa kwaya. Mwalimu anasema nusu ya neno, watoto wanamalizia nusu iliyobaki kwa sauti moja ya kupasua paa, na mkaguzi anaandika kwamba darasa lilikuwa changamfu. Kuitikia kwa pamoja ndiyo njia ambayo mtoto asiyeelewa hujificha nyuma ya mtoto asiyeelewa.

Huenda msomaji kijana akadhani kwamba mambo yamekuwa hivi tangu jadi. La. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza kwamba miaka ya kwanza ya shule ifundishwe kwa lugha za wenyeji. Kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza kulianza Nairobi katika miaka ya mwisho ya 1950, katika shule za Wahindi, ambamo darasa moja lilikuwa na watoto wa lugha kadhaa. Kwa watoto wale, katika mji ule, mpango ulikuwa na sababu yake, na uliandaliwa vitabu na walimu waliopewa mafunzo maalumu. Baadaye uliingizwa katika shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaubariki kwa nchi nzima. Lugha za mama zikaachiwa kipindi kifupi cha kusimulia hadithi. Mpango ulienea mashambani kwa kasi ambayo vitabu na mafunzo havikuweza kuifuata. Hivyo ndivyo dawa iliyochanganywa kwa ugonjwa wa mjini ilivyonyweshwa kijiji ambacho hakikuwa na ugonjwa ule, kwa maana katika shule ya kijijini watoto wote wana lugha moja, na mara nyingi mwalimu pia.

Kasoro zilionekana mapema. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza kwamba darasa la kwanza hadi la tatu yafundishwe kwa lugha inayotumiwa na wengi katika eneo la shule, Kiingereza kifundishwe kama somo, kisha kishike nafasi ya kufundishia katika darasa la nne. Hiyo ndiyo sera hadi leo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, unasema vivyo hivyo. Karibu miaka hamsini imepita tangu Kamati ya Gachathi itoe ripoti yake, na sera imekaa katika makaratasi ikiwa nzuri kama bibi harusi ambaye bwana harusi hakuja kumchukua.

Sababu moja ni vitabu. Serikali inasema tufundishe Hesabu na Mazingira ya gredi za chini kwa lugha ya eneo, kisha inatuletea vitabu vya masomo hayo vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu afanyeje? Sababu ya pili ni shule za binafsi zilizochipuka hadi vijijini, ambazo mzazi huzisifu kwa kuwa mtoto wa miaka minne anaweza kusalimu kwa Kiingereza na kuimba majina ya rangi. Shule ya umma, kwa kuogopa kuhamwa, inaiga. Lakini sababu kubwa kuliko hizo ni mtihani. Hata tungeitii sera barabara katika gredi tatu za mwanzo, bado tungemfikisha mtoto kwenye ukingo wa Gredi ya nne na kumwambia aruke, avuke siku moja kutoka lugha anayoielewa hadi masomo kadhaa yaliyoandikwa kwa lugha ambayo ndiyo kwanza anajifunza maneno yake. Mzazi anajua kwamba ng'ambo ya ukingo huo kuna karatasi ya mtihani ya Kiingereza inayomngojea mwanawe, na anaona ni heri mtoto aanze kuteseka mapema.

Kwamba mtihani ndio usukani wa shule zetu, historia ya Kiswahili chenyewe inathibitisha. Kabla ya mwaka 1985 Kiswahili kilikuwa katika ratiba za shule za msingi lakini hakikuwa katika mtihani wa kumaliza shule hizo. Wazee wetu walimu wanasimulia jinsi kipindi chake kilivyoporwa na Hesabu bila mtu kulalama. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka huo, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, na katika muda mfupi kikapata vitabu, walimu, mashindano ya insha na heshima. Hakuna hotuba iliyofanya kazi hiyo. Karatasi ya mtihani ndiyo iliyoifanya.

Ndiyo maana natoa pendekezo moja, na sioni haya kulirudia kila nikipata nafasi. Karatasi za Sayansi, Hesabu na Maarifa ya Jamii za shule ya msingi zichapishwe kwa lugha mbili, Kiingereza upande huu na Kiswahili upande huu, na mtoto aruhusiwe kujibu kwa lugha aitakayo. Karatasi ya Kiingereza ibaki ya Kiingereza na ya Kiswahili ibaki ya Kiswahili, ili kila lugha ipimwe mahali pake.

Pendekezo hili halina ugeni wowote. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 120 kinaruhusu shughuli za Bunge ziendeshwe kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Lugha Ishara ya Kenya. Mheshimiwa mbunge, mtu mzima aliyesoma na anayelipwa mshahara wa kutamanika, ana haki ya kusimama bungeni akajadili bajeti ya nchi kwa Kiswahili, wala hakuna atakayemkata alama. Mtoto wa miaka kumi na miwili hana haki ya kusema kwa Kiswahili kwa nini nguo iliyoanikwa hukauka haraka penye upepo. Ningependa mmoja wa mawakili wetu hodari anieleze jinsi lugha iliyo rasmi kwa kutunga sheria inavyokuwa haramu kwa kueleza mvuke.

Tena jirani zetu wamelifanya. Tanzania imefundisha shule za msingi za umma kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na mtihani wa darasa la saba huandikwa kwa Kiswahili, huku watoto wa shule zinazofundisha kwa Kiingereza wakiandikiwa karatasi zao kwa lugha hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa Sayansi amechelewa kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi nzima ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Usanidinuru ni neno gumu, nakubali. Lakini neno la Kiingereza la jambo hilo si jepesi hata kidogo, na lenyewe lilikopwa Uyunani. Tofauti ni kwamba katika usanidinuru mtoto wetu anaiona nuru kwa macho yake.

Sitaki nionekane kama mtu anayeficha nusu ya habari. Tanzania hiyo hiyo humhamisha mtoto kwenda Kiingereza kwa ghafla anapoingia shule ya sekondari, na walimu wa huko wanajua namna anavyoteseka katika kidato cha kwanza. Kuuahirisha mruko hakutoshi ikiwa bado ni mruko. Kinachotakiwa ni Kiingereza kufundishwa vyema kama somo, kila siku, na mwalimu aliyefunzwa kukifundisha, huku masomo mengine yakiendelea kwa lugha inayoeleweka. Jambo hilo lilijaribiwa Nigeria kuanzia mwaka 1970, katika mradi wa Ife ulioongozwa na Profesa Babs Fafunwa. Watoto walifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake. Walipolinganishwa na wenzao waliohamishiwa Kiingereza baada ya miaka mitatu, waliwashinda katika masomo mengine, na katika Kiingereza chenyewe hawakuachwa nyuma. Mzazi anayehofia kwamba mwanawe atakikosa Kiingereza na autafakari mradi huo. Hofu yake ni ya haki, maana kazi nyingi za ofisini huombwa kwa Kiingereza na usaili hufanywa kwa Kiingereza. Lakini mtoto asiyeweza kusoma lugha yoyote hataandika barua ya kuomba kazi kwa lugha yoyote.

Kuna swali gumu ambalo nakiri kwamba pendekezo langu halilijibu lote. Pwani, na katika miji mingi, Kiswahili ni lugha ambayo mtoto huja nayo shuleni, au aliye karibu nayo sana. Sivyo ilivyo Turkana, wala Mandera, wala katika vijiji vingi vya Nyanza na Ukambani. Huko Kiswahili nacho hujifunzwa shuleni, ingawa husikika redioni, sokoni na garini kuliko Kiingereza. Watoto hao wanahitaji waanze kwa lugha zao, na kwa hilo wanahitaji walimu wanaozijua. Mwaka 2018 Tume ya Huduma za Walimu ilianza kuwahamisha walimu, hasa walimu wakuu, mbali na kaunti zao za nyumbani, mpango ambao baadaye ulilegezwa. Nia huenda ilikuwa njema, ya kuunganisha taifa. Lakini sikumsikia yeyote wakati ule akiuliza mwalimu aliyetoka ng'ambo ya nchi atamfundisha vipi kusoma mtoto wa Gredi ya kwanza ambaye hawana hata salamu moja ya pamoja. Taifa huunganishwa na watu wazima. Mtoto wa miaka sita apewe kwanza mtu wa kumwelewa.

Kabla sijamaliza, neno moja kwa walimu wakuu. Hayati Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa wakati wake walivyovishwa shingoni kibao cha aibu kwa kosa la kuzungumza Gĩkũyũ shuleni. Alikuwa akisimulia mambo ya miaka ya 1950, chini ya mkoloni. Nimekiona kibao hicho kwa macho yangu katika karne hii, katika shule ambayo sitaitaja, kimeandikwa kwa rangi na kutobolewa tundu la kamba. Anayekivaa hukiondoa kwa kumtega mwenzake aseme neno la nyumbani, ili akivae yeye. Kwa hiyo watoto huzunguka uani wakiwindana. Wengine hupitisha mapumziko yote bila kusema neno, na katika ripoti ya mwisho wa muhula huandikwa kwamba ni watulivu. Kiingereza hakifundishwi kwa kunyamazisha watu. Sheria ya nchi inakataza kumdhalilisha mtoto shuleni, na mwalimu mkuu ambaye bado anacho kibao kabatini anaweza kukitia jikoni kesho asubuhi bila kungoja waraka kutoka Nairobi.

Kuhusu mitihani ya taifa, uamuzi uko kwa Wizara na Baraza la Mitihani, nao watasema kwamba kuchapisha karatasi za lugha mbili ni gharama. Kweli ni gharama. Lakini mitihani mingi ambayo mtoto hufanya haitoki Nairobi. Ile ya katikati ya muhula tunaitunga wenyewe ofisini, juu ya meza zetu zinazoyumba, na hakuna anayetukataza kuandika swali mara mbili. Nawaomba walimu wa Gredi ya nne hadi ya sita wajaribu muhula huu. Chukueni mtihani mmoja wa Sayansi, uandikeni kwa Kiingereza mwanzoni mwa juma, kisha maswali yale yale kwa Kiswahili siku chache baadaye, bila kufundisha chochote katikati. Linganisheni alama za kila mtoto. Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, mkipewa karatasi hizo mbili, msiitazame moja kama ya werevu na nyingine kama ya wajinga, andikeni mnachokijua. Kisha karatasi hizo zisitupwe. Wekeni jozi zote katika bahasha na mzipeleke kwenye mkutano wa wazazi, ili kila mzazi atazame mwenyewe alama mbili za mwanawe, zilizoandikwa katika juma moja na mkono mmoja.